Nyavu za Kuvua Ukungu

Rómulo Yarlequé alishuka kwenye basi mwisho wa njia, pale ambapo jiji la Lima linachoka na milima inaanza, akainua macho na kuona utajiri. Mtu mwingine angeona mlima mkavu wa rangi ya majivu, usio na jani wala mbuzi. Lakini Mungu humpa kila mtu macho ya kazi yake. Rómulo aliona ardhi nyingi isiyo na mchungaji, na chini yake vibanda vya watu ambao, kwa makisio yake, wangedanganyika kabla ya chakula cha mchana.

Alikuwa ametoka Piura, kaskazini kwenye joto, muda si mrefu. Huko aliwahi kumuuza ng'ombe mmoja kwa ndugu wawili, na ndugu hao walikuwa bado wanamtafuta. Akavaa kofia ngumu ya manjano aliyoinunua sokoni, na hapohapo akawa injinia. Wengine husoma miaka mitano.

Mlima ule uliitwa Mjane. Serikali ilikwisha kuutangaza kuwa hifadhi, lakini kibao kilichotangaza hivyo kilikuwa kimeng'olewa, na nguzo za mpaka zilikuwa hazijawekwa. Wakubwa wa hifadhi waliahidi kuja kuziweka mwezi wa Juni. Mpaka wakati huo, walinzi wa Mjane walikuwa wanawake wa mtaani na chupa zao za soda, maana kila Jumapili walipanda nazo zimejaa maji, wakainywesha miche michanga kama mtu anavyomnywesha mgonjwa.

Rómulo alielekea moja kwa moja kwenye jiko la jumuiya. Ilikuwa Jumatatu, na Jumatatu watu wa Lima hula dengu, kwa hiyo palikuwa na dengu.

"Habari za mchana, akina mama. Mimi ni Injinia Yarlequé. Nimekuja kuupima mlima wenu ili ulindwe."

"Karibu, mwanangu," alisema Doña Eudocia, mwenyekiti wa kamati ya mlima, bibi mfupi mwenye mikia miwili ya nywele nyeupe. "Umekula?"

"Injinia akiwa kazini hali, mama."

"Toka lini hujala?"

"Toka… jana."

Doña Eudocia alimjazia sahani. Alipoona anavyoikomba, akamwongezea upawa wa pili, kisha akageuka kutafuta chumvi iliyokuwa mbele yake, ili mgeni asione haya.

"Mama, hebu niambie," Rómulo alisema, tumbo lilipotulia. "Nauliza kitaalamu. Ule mlima una nini cha kulinda?"

"Sasa hivi umelala, mwanangu. Juni ukungu unapanda kutoka baharini, unaukumbatia, na wote unakuwa kijani. Halafu maua ya amankae yanatoka, ya manjano, mpaka watu wa mjini wanakuja kuyaangalia."

Rómulo akautazama mlima kupitia mlangoni. Hata mjusi angeona aibu kupangisha chumba pale.

"Kijani," alisema.

"Kijani kabisa. Na tungekuwa na nyavu, tungevua na maji."

"Mngeyavua wapi?"

"Hewani. Unatundika wavu mkubwa kwenye nguzo mbili. Ukungu unapita, maji yanabaki, yanadondokea kwenye bomba mpaka kwenye tangi."

Rómulo aliweka kijiko chini. Alikuwa amekutana na matapeli wa kila ngazi, lakini alikuwa hajapata kuona anayemtazama mtu usoni, bila kupepesa jicho, akamwambia anavua maji hewani. Alicheka mpaka machozi yakamtoka.

"Mama, umesomea wapi wewe?"

"Darasa la tatu tu, kwetu Ayacucho."

"Ungeendelea ungekuwa waziri!"

"Nakwambia kweli, mwanangu."

"Kweli kabisa," alisema Rómulo, akamkonyeza kama fundi anavyomkonyeza fundi mwenzake.

Kesho yake alikuwa dukani kwa Don Serapio Mallqui, muuza saruji na nondo, mtu mwenye pesa nyingi na marafiki wachache. Mpango ulikuwa mwepesi: Don Serapio anunue mlima kwa karatasi za injinia, tingatinga lake liukwangue, aukate viwanja na kuviuza. Rómulo achukue chake na kula kona.

"Mlima mkavu," alisema Don Serapio. "Nani atajenga pasipo maji?"

Hapo ndipo ulimi uliomlisha Rómulo maisha yake yote ulipomponza.

"Maji yapo, bosi. Yapo hewani. Unatundika wavu…" Akamwaga maneno yote ya Doña Eudocia, nyavu, ukungu, ukijani, maua ya manjano, akaongeza na vipepeo.

Don Serapio alikuwa mchoyo, na mchoyo huamini jambo lolote lenye neno bure ndani yake.

"Maji ya bure?"

"Bure kama hewa, bosi. Si ndiyo hewa yenyewe?"

"Basi viwanja hivyo bei yake ni mara tatu! Nitatoa nguzo, nyavu na tangi." Macho ya Don Serapio yaling'aa, kisha yakawa membamba. "Ila tingatinga langu haligusi udongo mpaka nione tone la kwanza. Na ujira wako nao unasubiri tone la kwanza." Akampa bahasha nyembamba ya kujikimu.

Rómulo alitoka ameshika kichwa. Alitaka kumaliza kazi ndani ya wiki, na sasa alikuwa amejifunga mpaka Juni, akisubiri maji ambayo hayapo. Lakini mtu wa mjini hakosi njia. Siku ya maonyesho angepanda alfajiri na ndoo, atie kwenye tangi maji ya boza, lile lori la kuuzia maji, bosi aone, alipe, kwaheri.

Basi nguzo zikaja, nyavu zikaja, na tangi jeusi likapandishwa kwa kamba. Jumapili mtaa wote ulitoka kwa kazi ya pamoja, na injinia, kwa kuwa ni injinia, aliwekwa mbele.

"Injinia!" aliita Zenaida, mama wa makamo mwenye ulimi wa pilipili. "Sururu haishikwi kama kipaza sauti! Piga chini, usiihutubie!"

"Dada Zenaida, mimi kazi yangu ni ya kichwa."

"Basi chimba nacho. Kofia si unayo?"

Wanawake wakacheka, naye akacheka, kwa sababu kicheko chao hakikuwa na sumu. Saa ya kupumzika walimletea uji wa kwinoa kabla ya kujimiminia wenyewe.

Zenaida alimvuta Doña Eudocia pembeni.

"Mama, yule ni tapeli."

"Najua, binti yangu. Ameupima mlima kwa futi ya fundi cherehani."

"Unajua? Na hizi nguzo ni za Mallqui, mwenye tingatinga! Tumfukuze leo hii!"

Doña Eudocia alipiga goti, akafukua vumbi kwa vidole, akamwonyesha Zenaida kitu cha duara kama kitunguu, tunguu la amankae, kimelala ndani ya udongo. Kisha akakifunika taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto.

"Tingatinga likipita sasa, hawa wote wamekufa, na Juni wakubwa watakuta vumbi. Watasema hapa hakuna cha kulinda. Tukimfukuza huyu, keshokutwa atakuja mwingine asiyependa kusubiri. Huyu anasubiri. Mwache asubiri."

"Ulimdanganya nini mpaka akubali?"

"Sijamdanganya hata neno moja," alisema Doña Eudocia. "Ndiyo maana hajaniamini."

Aprili ikapita. Mei baridi ikaanza kutambaa, na Rómulo, mtoto wa jua, akashikwa na mafua makubwa. Wanawake walimpokezana kwa chai ya mikalitusi. Doña Eudocia alimfumia kofia ya sufu ya kuvaa chini ya ile ya manjano, akampa akisema uzi ulibaki tu, hakujua aufanyie nini. Rómulo hakuwa amezoea kupewa kitu asichokiomba kwa uongo. Kwa siku nzima alitembea akijiuliza bibi huyu anamtegea nini.

Don Serapio alipanga kuja siku ya Mtakatifu Yohane, mwishoni mwa Juni. Kufikia hapo ukungu ulikuwa umeuficha mlima kwa wiki kadhaa, na injinia hakuwa amepanda tena tangu mafua yamshike. Alfajiri ya siku hiyo Rómulo alianza kupanda, ndoo mbili mikononi, amegubikwa na ukungu mzito hata asiione miguu yake. Aliteleza mara nyingi, na alishangaa mlima mkavu unatelezaje. Alipofika kileleni viatu vyake vilikuwa vimelowa chapachapa, na nusu ya maji ilikuwa imemwagika.

Akapapasa tangi. Lilikuwa linafurika.

Matone yalikuwa yakikimbizana kwenye nyavu, yakiingia bombani yakiimba. Rómulo aliweka mkono chini ya bomba, akaonja. Akaangalia kulia na kushoto kumtafuta mtu aliyemtangulia na ndoo. Hakuna. Kisha upepo ukaufungua ukungu kidogo, naye akaona mlima wote ni kijani mpaka chini, na juu ya ukijani ule maua ya manjano, maelfu, yakitikisa vichwa kama yanamsalimia injinia.

"Mama yangu wee," alisema Rómulo. "Nimemuuzia mtu ukweli."

Kwa miaka yote aliyofanya kazi hii, balaa kama hilo halikuwahi kumpata.

Hakupata nafasi ya kutafakari. Kulipopambazuka sawasawa, watu walianza kupanda: wanafunzi na walimu wao, familia na vikapu, bendi ya tarumbeta, na wakubwa wa hifadhi wakiwa na nguzo za mpaka. Don Serapio naye akafika amevaa tai, na kule chini alikotoka, juu ya lori, tingatinga lake.

"Yarlequé," alinong'ona, jasho likimtoka kwenye baridi. "Hawa ni nani?"

"Ni… wateja, bosi."

"Wamevaa sare za serikali!"

Tangi lilikuwa limepambwa kwa riboni, na chupa ya mvinyo ilining'inia kwa kamba. Hapa kwetu hakuna kitu kipya kinachoanza kazi bila baba wa ubatizo, kiwe kanisa au jiko la gesi. Baba huyo ndiye anayepasua chupa kwa nyundo, na akitajwa mbele ya watu hawezi kukataa. Anayekataa hataalikwa hata msibani.

Doña Eudocia alishika kipaza sauti.

"Majirani, nguzo hizi, nyavu hizi na tangi hili vimetoka kwa mtu mmoja. Baba wa ubatizo wa maji yetu, Don Serapio Mallqui!"

Bendi ikalipuka. Watoto wakamrushia vipande vya karatasi za rangi, Zenaida akamvisha shada la karatasi. Hakuna aliyewahi kumpigia makofi muuza saruji.

"Hongera, mzee," alisema afisa wa hifadhi, akimpa mkono. "Na lile tingatinga je?"

Kukwangua ardhi ya hifadhi ni jela, na kila mtu pale alilijua hilo. Don Serapio alimtafuta Rómulo, Rómulo alikuwa anatazama maua.

"Afisa," alisema Doña Eudocia kwa upole, "barabara yetu ya kupandia, kule chini nje ya mpaka, imekwisha kwa mashimo. Wazee wanaanguka. Na Don ni mtu mwenye moyo. Si ndiyo, Don?"

Don Serapio alimtazama bibi yule. Alielewa amepewa mlango wa kutokea, na kwamba aliyempa hakulazimika kumpa.

"Ndiyo," alisema. "Nimekuja… kutengeneza barabara."

Akapiga chupa kwa nyundo, mvinyo ukaruka, na msichana mdogo akamshika mkono akimwita baba wa tangi. Hapo wengine wanasema alilia, yeye anasema ni ukungu.

Rómulo alikuwa ameshaanza kushuka taratibu, mgongo kwanza, kipaza sauti kilipomfikia.

"Na baba wa ubatizo wa bia," alipaza sauti Zenaida, "Injinia Yarlequé! Msogezeni mbele, asione haya!"

Bahasha nyembamba ikatoka mfukoni kuwanunulia watu bia, ikaenda na haikurudi.

Alasiri Rómulo alikuwa kituoni, kofia ya manjano kwapani, ile ya sufu kichwani. Doña Eudocia alimkuta hapo, akampa kifuko chenye kuku wa kukaanga na viazi, bado vya moto.

"Mama," alisema Rómulo, "umeniingiza mjini mimi. Mimi!"

"Nilikwambia yote siku ya kwanza, mwanangu. Ulikuwa unakula dengu."

Rómulo alifikiri, akakumbuka neno baada ya neno. Akatikisa kichwa.

"Sasa utakwenda wapi?" aliuliza bibi.

"Popote. Mjini pakubwa."

"Kuna miche ya kupanda kabla ukungu haujaondoka. Kazi ya pamoja ni Jumapili. Chumba cha jikoni kina kitanda."

"Inalipa nini?"

"Hailipi kitu."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, mwanangu. Kuchoka tu, na uji."

Basi likafika, likafungua mlango. Rómulo alimtazama bibi yule usoni, macho yale yasiyopepesa, na taratibu tabasamu likampanda. Kazi nzito namna ile, watu wote wale, kila Jumapili, na hailipi kitu? Hapana. Lazima kuna kitu kikubwa wanachoficha.

Akamkonyeza, akaliacha basi liende.

Mpaka leo yuko kule juu, anachimba mashimo na kupanda miche, kofia mbili kichwani, akisubiri kugundua ni kitu gani.