Nyongeza ya Jino

Jumatatu, 3 Oktoba 1994

Gego la chini, upande wa kulia. Sikupata usingizi. Asubuhi nimekwenda kwa Mwinyihaji, mng'oa meno wetu hapa Magongo. Akachungulia, akataja shilingi mia na hamsini. Mia na hamsini! Kwa kazi ya dakika mbili! Nikafunga mdomo, nikaondoka.

Mke wangu Mwanatabu anasema niende hospitali ya serikali, huko ni ada ndogo na foleni tu. Foleni ni ya wasiojua uchumi. Mimi nilikuwa karani wa kudhibiti bei miaka kumi na mmoja. Serikali ilipoziachia bei, nami nikaachiwa papo hapo. Sina kinyongo. Nimesikiliza redio na nimeelewa: wauzaji wakishindana, bei hushuka zenyewe. Mwinyihaji hana wa kumtia adabu. Yuko Phineas, mgeni wa bara aliyefungua chumba ng'ambo ya barabara, lakini hakuna amwendeaye.

Mwanatabu kanikumbusha kuwa Jumapili ni harusi ya mpwa wake, Mwanarusi. Mbuzi sita! Paja moja nimeliwekea nia tangu siku ya posa. Kwa hivyo jino litoke kabla ya Jumapili, kwa bei ya haki.

Jumanne, 4 Oktoba

Nimevuka barabara. Nikamwambia Phineas kwamba Mwinyihaji anang'oa kwa mia na ishirini. Uongo mdogo, wa kitaalamu. Akasema yeye mia. Nikampelekea Mwinyihaji habari hizo. Akawaka, akasema themanini. Kufika alasiri, kila mmoja ana ubao wa chaki mlangoni. Uchumi huo!

Mwanatabu kasema basi nikang'oe sasa. Nikamweleza kwamba bei bado inashuka, na mwenye akili hanunui kitu kinachoshuka. Subira huvuta heri.

Jumatano, 5 Oktoba

Sitini! Magongo nzima iko kwenye foleni. Nyambura muuza mboga kanishukuru kwa mikono miwili. Kang'olewa jino lililomsumbua tangu Krismasi. Mimi langu bado ninalo. Shavu limefura kama nimeficha embe ndani.

Kutwa natafuna karafuu. Thoya wa dukani amezipandisha bei kwa sababu, asema, kuna mteja mmoja anazinunua zote. Nikamlaani. Kisha nikakumbuka msimamo wangu, nikalipa.

Alhamisi, 6 Oktoba

Wasaliti! Mwinyihaji na Phineas wamekutana kwenye kahawa, wakagundua kwamba ni mdomo mmoja uliokuwa ukivuka barabara. Wamefuta mbao zao. Wameungana: chumba kimoja, kiti kimoja, bei moja. Mia mbili na hamsini! Nimewaambia wallahi hii si haki. Wakanijibu, kwa adabu, kwamba ni soko huria.

Nimeumwa hadi machozi. Mwanatabu alicheka tu, akaingia jikoni, akacheka tena.

Ijumaa, 7 Oktoba

Baada ya swala nikapata akili. Mimi nimekulia Kongowea. Kwetu hununui fungu la vitunguu bila muuzaji kukutupia kimoja juu. Asiyetoa nyongeza hauzi. Nikawaendea, nikasema mia mbili na hamsini nalipa, lakini nyongeza yangu je? Wakatazamana. Wakanong'onezana. Mwinyihaji ni mtu wa pwani, anaijua heshima ya soko. Akasema, "Haya, bwanaangu, nyongeza ipo."

Sikuuliza ni nyongeza gani. Ningejua kuuliza! Muuza vitunguu hutoa kitunguu.

Gego bovu likatoka. Alhamdulillahi! Nikashusha pumzi. Phineas akaniuliza kwa upole, la pili ni lipi, mzee? Meno yangu mengine yote mazima. Lakini nikatae nyongeza niliyoidai mwenyewe, tena mbele ya watu wanaongoja mlangoni? Nikaonyesha gego la kushoto.

Jioni nimepiga hesabu. Mawili kwa mia mbili na hamsini ni mia na ishirini na tano kila moja. Chini ya bei ya Jumatatu! Nimewashinda.

Jumapili, 9 Oktoba

Harusi imefana. Paja langu likaletwa, limenona, linatoa moshi, na mimi sina upande wa kutafunia. Kulia shimo, kushoto shimo. Nimekunywa mchuzi. Mwinyihaji, aliyekaa mbele yangu, kavunja mfupa kwa meno yake akafyonza uboho. Mwanatabu kaninong'oneza kwamba rahisi huvunja upishi. Nilikuwa nalia kidogo, kwa kuihurumia nyama ile.

Lakini habari njema ipo! Phineas, naye alialikwa, kaniambia kwamba sasa wanaweka na meno ya bandia. Mawili ni shilingi mia tisa. Nikamwuliza nyongeza. Safari hii nimekuwa mjanja, nimeuliza kabisa ni nyongeza gani. Akafikiri, akakubali kunipa jino la tatu bure. Bure! Mwanatabu hajui bado, nitamwambia kazi ikiisha.

Tatizo ni moja tu: la tatu halina pa kukaa. Tumepatana niende kesho saa tatu, anitengenezee nafasi kwa kung'oa moja. Na kwa kuwa mimi ni mteja wa zamani, atang'oa kwa nusu bei!