Jukwaa Nililojenga kwa Mbolea ya Serikali

Yawa, jamani, leo nimeaibika mbele ya soko zima la Kegonga. Nawaandikia nyinyi wa nyumbani Sindo mapema, kabla hamjaisikia kwa mtu mwingine akaitia chumvi.

Mnajua mimi ndiye karani wa stoo ya kilimo huku. Miaka miwili iliyopita lori lilileta mbolea ya serikali, ile ya bei nafuu kwa wakulima wadogo. Lilifika mahindi yameshatoa mbelewele. Nikaambiwa nisitoe hata gunia moja mpaka orodha ya wakulima ije na muhuri. Kabla orodha haijaja, wilaya ikagawanywa. Ofisi ya zamani ikasema sisi si watu wake tena. Ofisi mpya ikasema haiitambui mbolea hiyo, karatasi zina jina la wilaya iliyokufa. Mimi nikabaki na funguo.

Paa la stoo linavuja. Mbolea ikinyeshewa inaganda, inakuwa jiwe. Kila mwezi nikaandika ripoti: "Mbolea ipo, ni imara." (Sikudanganya. Ungeweza kujengea nyumba.) Hakuna mkubwa aliyekuja kuangalia.

Aliyekuja ni Mama Robi. Ni mjane, ana shamba dogo na maksai mmoja anayemfunga nira pamoja na wa jirani ili alime. Kila msimu anasimama mlangoni pangu.

"Bwana Stoo, mbolea imefika?"

"Orodha bado, mama."

Anashukuru, anaenda. Halafu mahindi yake yanatoka manjano, nami nayaona kila Jumapili nikienda kanisani. Sijivunii hilo.

Basi, juzi chifu akaniambia mkubwa wa kilimo anakuja kuhutubia siku ya wakulima hapa uwanja wa soko, na anataka jukwaa. Mbao hakuna. Nikasema niachie mimi. Mnaona akili ya karani? Mkubwa akiingia stoo akute magunia yaliyogeuka mawe, kazi yangu imeisha. Nikiyatoa yakawa jukwaa, stoo ni safi na mgeni ana pa kusimama. Leo asubuhi nikakodi mkokoteni, nikayapanga mawili mawili, maandishi yakitazama ndani, nikafunika kwa turubai la kuanikia tumbaku. Chifu akalikanyaga, akasema, "Hata kwenye harambee hatujawahi kuwa na jukwaa gumu hivi." Nikatabasamu.

Mkubwa akafika saa sita. Akapanda. Mtu mnene, na jukwaa halikulia hata kidogo. Akaanza: serikali imewakumbuka, mbolea imeletwa, Kegonga imepata, na ripoti anazo mkononi. Watu wakatazamana. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Sasa, Mama Robi alikuwa ametoka kulima moja kwa moja. Maksai wake alimfunga kwenye mti wa uzio, nyuma ya jukwaa. Na ng'ombe wa huku wamezoea kupewa chumvi ya mawe kila wiki, wanaijua kwa pua. Nikaona kamba inalegea. Nikaona pua inaingia chini ya turubai. Nikaona ulimi.

Watu wa mbele wakaanza kucheka. Mkubwa akadhani wamefurahia hotuba, akaongeza sauti.

Mimi sikucheka. Wengine hawakujua, lakini mimi nilisoma chuoni: mbolea hiyo ina ladha ya chumvi, na ng'ombe akiila ya kutosha anakufa kabla jua halijatua. Nikinyamaza, kazi yangu iko salama na maksai wa mjane anakufa. Nikisema, najua nitalala bila kazi. Nikamtazama Mama Robi. Alikuwa anacheka pia, akijivunia ng'ombe wake mjanja.

Nikasikia mdomo wangu mwenyewe.

"Mtoeni ng'ombe! Hiyo ni mbolea!"

Mama Robi akaruka, akashika pembe, akavuta. Maksai akarudi nyuma na turubai mdomoni, na turubai likaja lote. Magunia yakabaki uchi, na pale pembeni nilipokuwa nimegeuza vibaya yakasomeka hata kwa mtu wa mwisho: MBOLEA YA SERIKALI.

Mkubwa akainama akasoma katikati ya miguu yake.

"Nimesimama juu ya nini?"

"Mbolea, mzee. Ile unayosema tumepata."

"Na kwa nini haijagawiwa?"

"Orodha haikuja, mzee. Niliandika kila mwezi." (Ripoti alikuwa nazo mkononi, zote zimegongwa muhuri wake. Hata moja hajaisoma. Nilijua kwa jinsi alivyoanza kuzikunja.)

Akateremka polepole. Nikangoja neno la kunifukuza. Akatazama wale watu wote wanaomtazama, akasafisha koo, akasema, "Basi, igawe."

"Fomu, mzee?"

"Wewe karani, igawe!"

Jamani, nimekuwa na funguo miaka miwili na sikujua kuna mtu anaweza kusema neno hilo. Watu wakaleta nyundo na michi ya nyumbani, wakaponda jukwaa pale pale, akina mama wakabeba kwa makarai. Hotuba ilimalizikia chini, kwenye matope. Barua ya onyo itakuja, najua. Ije. Kifua changu kimekuwa chepesi ajabu, nimekula ugali mara mbili.

Maksai tulimnywesha maji mengi, tukakaa tukimtazama saa nzima, mimi nikisali kimoyomoyo kwa Kiswahili na Kijaluo. Akatikisa masikio, akaanza kucheua. Nilitaka kumkumbatia.

Mama Robi akajitwika karai lake. Nikamwambia anisamehe. Akanitazama, akasema taratibu kabisa:

"Mimi nimekuja kwako miaka miwili, na kitambulisho, na heshima. Ng'ombe yangu imekuja leo mara moja. Msimu ujao nitaituma yenyewe."

Nilicheka mpaka machozi. Lakini nyinyi msicheke, hayo hakuniambia kwa mzaha.