Koti la Mwana wa Mfalme

Jumatatu, 4 Agosti

Orodha ya onyesho la baleti imebandikwa mlangoni pa ukumbi. Wasichana ishirini na sita, wavulana wanne. Nikajipa moyo kwamba katika wavulana wanne, wangu hawezi kukosa kuwa mwana wa mfalme. Amekosa. Mwana wa mfalme ni mtoto wa Daktari wa Meno. Wawili wengine ni askari wa lango. Wangu, miaka kumi na moja, mwepesi wa miguu kama kitambaa cha hariri, amepewa kubeba mkia wa gauni la malkia.

Mkia!

Nikamuuliza mwalimu wa dansi kama orodha ina kosa la kuchapa. Akasema haina, baba, na mkia huo una mita sita, si kila mtu anauweza.

Mwanangu anapiga miluzi nyumbani. Maskini, hajui alichonyimwa.

Jumanne, 5 Agosti

Mungu hamtupi mja wake. Mshonaji wa maonyesho amejifungua mapacha, na koti la mwana wa mfalme halijakatwa hata kipande. Nikajitolea kabla mwalimu hajamaliza kuhuzunika.

Mpango wenyewe ni huu. Mtoto wa Daktari ana kifua kipana. Koti nitalishona kwa vipimo vya wangu. Siku ya mazoezi ya mwisho vifungo vitagoma, na wa kulivaa atabaki mmoja tu. Safi kabisa. Hakuna atakayeumia, ila kifungo.

Mama watoto akauliza mimi, fundi makochi wa miaka ishirini na mbili, nimewahi kushona kitu chenye mikono lini. Nikamwambia kila kochi lina mikono miwili. Akarudi kwenye gazeti lake.

Jumatano, 6 Agosti

Nimekwenda kumpima mtoto wa Daktari, kuzuga tu. Daktari akasema maadamu nimefika, nifungue mdomo kidogo achungulie. Akaona tundu. Nikachomwa sindano ya ganzi. Nimerudi nyumbani na nusu ya uso, udenda ukidondokea kwenye karatasi ya vipimo. Inasemekana nikiwa katika hali ile nilikubali kumvishia upya viti vyote vya chumba cha kusubiria. Mimi nakumbuka nilisema mmh.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimempima mwanangu sebuleni, nikamwambia ni sweta la shule. Akauliza kama anyanyue mikono. Nikamwambia atulie, asimame kama mtu anayepigwa picha.

Koti limekamilika. Mahameli ya rangi ya damu ya mzee, iliyobaki kwenye makochi ya hoteli. Sponji mabegani. Misumari ya shaba yenye vichwa vya duara, ile ya kupambia viti, safu mbili kwenye kila mkono, ncha nimezikunja kwa koleo. Ukiliweka mezani linasimama lenyewe, bila mtu ndani. Mama watoto alipita akaliambia shikamoo.

Ijumaa, 8 Agosti

Mazoezi ya mwisho. Mtoto wa Daktari akavaa, akavuta pumzi, vifungo vikagoma. Nikatoa ule uso wa huzuni niliojifunza kwenye kioo. Nikasema ajabu kweli, labda tujaribu mtoto yeyote aliye karibu. Aliyekuwa karibu ni wangu, kwa sababu nilikuwa nimemshika bega.

Vifungo vinane vikafunga. Nikaanza kutokwa na jasho la furaha.

Muziki ukalia. Hatua ya kwanza ya mwana wa mfalme ni kunyanyua mikono juu. Mwanangu akanyanyua. Koti zima likapanda naye, kola ikammeza hadi kwenye nywele. Chini, miguu miwili yenye suruali ya kubana ikaendelea kuhesabu hatua. Lilikuwa kochi linalocheza.

Mwalimu akamvua, akageuza koti nje ndani, akanieleza taratibu, kama anayemsemesha mgonjwa. Koti la mchezaji hupimwa mikono ikiwa juu. Kwapani huongezwa kipande cha kitambaa, ili mkono ukipanda juu, koti libaki chini. Makochi yangu hayajawahi kunyanyua mikono.

Kisha akauliza ni nani katika onyesho zima hanyanyui mikono. Watoto wote wakasema kwa pamoja: mbeba mkia.

Kwa hiyo wangu amepata koti, na mkia wake palepale. Mtoto wa Daktari amepewa shati jeupe la mbeba mkia, pana, laini. Anapaa kama nguo kwenye kamba.

Njiani mwanangu akasema mkia aliuomba mwenyewe. Mwana wa mfalme hutokea sehemu ya pili tu. Mbeba mkia yuko jukwaani tangu pazia linafunguka hadi linafungwa. Akasema baba, tafadhali, usimwambie mwalimu kitu tena. Sauti yake ilikuwa ndogo. Nikaapa.

Jumamosi, 9 Agosti

Onyesho. Dakika ya tano, msumari mmoja wa koti ukanasa kwenye lesi ya mkia. Haukubanduka. Malkia alipofika kwenye dansi yake ya peke yake, mbeba mkia alitakiwa aachie, abaki pembeni. Hakuweza kuachia. Malkia akazunguka.

Mwanangu akazunguka naye. Hatua ndogondogo, safi, mkia wote mita sita ukichora duara nyuma yake bila kukunjika, kila hatua juu ya mdundo. Watu wakasimama kupiga makofi. Daktari akaninong'oneza akiuliza kama ndivyo dansi hiyo ilivyo. Nikamwambia ndiyo, tangu enzi.

Mwisho mwana wa mfalme na malkia wakainama. Katikati yao, akiwa bado amenasa, mwanangu akainama pia. Uso wake uliwaka kuliko shaba. Mwalimu amesema mwakani mbeba mkia atazunguka hivyo hivyo.

Nililia kwa jicho moja. La upande wa Daktari nililizuia.

Jumapili, 10 Agosti

Nimeelewa. Mtoto alichagua mwenyewe, na alichagua vizuri. Siingilii tena.

Ila nimesikia mwakani kuna mfalme, na mfalme anahitaji kiti cha enzi. Kiti ni kazi yangu. Na kiti kikitokea kuwa na upana wa makalio ya mtoto mmoja tu, mimi nifanyeje?

Nimeshampima, akiwa amekaa. Safari hii nimemwambia anyanyue mikono.