Ng'ombe Juu ya Paa la Nebraska

Jumamosi, 8 Julai 2006

Nimeipata silaha. Tobias kwisha habari yake.

Asubuhi jirani yetu Wayne alikuwa anauza vitu vyake vya zamani mbele ya gereji. Nilikwenda kutafuta ngazi, nikarudi na picha. Nyuma imeandikwa Nebraska, 1888. Familia ya watu weusi imeketi mbele ya nyumba ya mabonge ya udongo na nyasi, kimya kama wanasubiri daktari wa meno. Meza yao iko nje. Kwa nini nje? Ng'ombe yuko juu ya paa. Amefikaje? Wayne alisema hata yeye hajui, picha ilikuwa chini ya sanduku la taa za Krismasi.

Lakini hayo si kitu. Miguuni pa mzee wa mwisho kuna kibuyu. Shingo ndefu, mkanda wa ngozi. Kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando! Kama kile nyanya alichotupimia maziwa kule Bomet. Sasa nani alikipeleka Nebraska?

Jumamosi ijayo Umoja wa Wakenya wa Bowie, mji wetu huu wa ughaibuni, unachagua mwenyekiti. Tobias amekalia kiti hicho mihula mitatu kwa sera moja tu: kwamba alifika nchi hii 1987, kabla yetu sote. Nikithibitisha kuwa mtu wa ukoo wangu alimtangulia kwa karibu miaka mia, atabaki na nini cha kusema?

Jumapili, 9 Julai

Baada ya kanisa nilichukua lenzi ya kusomea ya mke wangu, Chebet. Sikio la kushoto la ng'ombe limekatwa pembeni. Alama ya ukoo wetu! Nikamwita aje aone. Alisema kila ng'ombe aliyewahi kumwona ana kasoro mahali fulani, na waume vilevile. Alikuwa ametoka zamu ya hospitali.

Ukingoni mwa picha amesimama mtu mrefu ambaye uso wake umefutika. Wote wana nyuso ila yeye. Nilikaa naye mchana kutwa. Halafu nikakumbuka. Baba wa babu yangu alikuwa na kaka, Arap Tanui, aliyetoka kumtafuta ng'ombe aliyepotea, asionekane tena. Nyumbani waliamua kuwa aliliwa na simba.

Kumbe alimpata. Nebraska, juu ya paa.

Jumanne, 11 Julai

Nilimpigia Wairimu, katibu wetu, kuomba nafasi ya kuzungumza kabla ya kura. Alisema ratiba imejaa. Nikamwambia ni historia. Akasema hiyo ndiyo sababu hasa. Mwishowe amenipa muda kati ya maombi na nyama choma. Nafasi mbaya, lakini Arap Tanui alivumilia makubwa zaidi.

Jioni Tobias akanipigia, sauti laini mno. Amesikia nina picha. Angependa kunikaribisha jukwaani yeye mwenyewe, kwa heshima. Anaogopa! Nimekubali.

Chebet ameniuliza ninautakia nini uenyekiti, na nusu ya wanachama huja kwa ajili ya nyama. Sikumwambia. Kazini Upper Marlboro huu ni mwaka wa sita nasambaza barua kwenye maofisi, na bado wananiita "buddy", kama mtu asiye na jina. Nataka pawe na mahali pamoja tu ambapo nikipita watu wanasimama. Inaniuma hata kuliandika.

Alhamisi, 13 Julai

Nimeikuza picha dukani, ikawa na ukubwa wa mlango. Kadiri inavyokua ndivyo Arap Tanui anavyopotea. Sasa ni moshi wenye kofia. Mwenye duka aliuliza kama ni mkia wa farasi. Nikamwambia ni mzee wangu. Akaniomba radhi.

Hotuba imekamilika. Chebet ameisoma, akasema kila aya ina ng'ombe. Meza bado inanisumbua. Nimeandika kuwa ilitolewa nje kumpokea mgeni kutoka Afrika.

Jumamosi, 15 Julai

Pikiniki ya uchaguzi ilikuwa Bladensburg, kwenye bustani ya kando ya mto. Nilizungumza, na walinisikiliza. Nilionyesha kibuyu. Nilionyesha sikio. Nilipofika kwenye paa, Mama Serah alifuta machozi. Moshi wa nyama ulikuwa unaelekea upande wake, lakini machozi ni machozi. Nikahitimisha kwa kuwaambia kwamba tangu zamani tumekubaliana hapa kuwa aliyetangulia kufika ndiye anayestahili kuongoza. Sikujitaja. Niliona unyenyekevu utanifaa.

Tobias akasimama. Alisema ameshindwa, mbele ya Arap Tanui yeye ni mtu wa kuja juzi. Akapendekeza Arap Tanui awe mwenyekiti wetu. Wairimu akaunga mkono, nadhani kwa njaa. Mikono yote ikapanda. Niliutafuta wa Chebet, nikaukuta juu na ule mwingine umeshika sahani.

Na kwa kuwa mwenyekiti hataweza kuhudhuria, Tobias atakaimu. Muhula mzima! Mimi nimeteuliwa kumbeba mwenyekiti. Nilipompitisha kuelekea garini, watu wote walisimama.

Jumatatu, 17 Julai

Wayne amekuja kwenye uzio. Amezungumza na shangazi yake wa Omaha, na kumbe walio pichani ni ukoo wao. Meza ilitolewa nje kwa sababu ndani mlikuwa na giza, na walitaka vyombo vyao vizuri vionekane. Nyumba ilichimbwa ubavuni mwa kilima, ng'ombe alitembea tu hadi juu. Kibuyu ni cha maji, vibuyu walivilima wenyewe. Masikio ya ng'ombe yalikatwa na kila mfugaji wa kule. Na yule asiye na uso ni Clarence, mjomba wa nyanya yake, ambaye hakuweza kutulia hata kanisani, seuze mbele ya kamera.

Nilimsikiliza hadi mwisho, nikamshukuru. Sitamwambia mtu. Katika ukoo wetu mzima hakuna aliyewahi kuchaguliwa kuwa chochote. Sasa nimpindue ndugu yangu akiwa na siku mbili madarakani?

Kisha Wayne akanionyesha picha nyingine. Mwanamke ameketi mbele ya hema, Wyoming, na kando yake kuna kiti kitupu. Nani alikuwa amekikalia? Kwa nini aliinuka wakati picha inapigwa? Nimeichukua. Septemba tunachagua mweka hazina, na upande wa mama yangu kulikuwa na mzee ambaye hakupenda kukaa.