Binti Amezalia kwa Kinyozi

Jumatatu, 4 Machi

Binti amejifungua! Sikuambiwa na mtu, nimeona mwenyewe. Asubuhi ameshuka mtini tumbo limenywea, chuchu zimemtoka kama vifungo vya kochi. Amekula karanga saba mkononi mwangu mbiombio, akaondoka bila hata kunitazama usoni.

Niandike hapa, maana mke wangu hataki tena kusikia: kindi huyu nimemlea mimi. Mwaka jana alianguka kutoka darini hajafumbua macho, ukubwa wa kidole gumba. Nikamnywesha maziwa kwa bomba la sindano, mchana kutwa, wiki baada ya wiki. Nilipokuwa nikitengeneza makochi, yeye alilala ndani ya ndevu zangu. Wateja wakadhani nina ugonjwa wa kidevu kucheza. Alipopevuka nikamwachia huru, nikalia siku mbili, nikasingizia vumbi la sponji.

Na sasa amekwenda kuzalia wapi? Kwenye tundu la mti ulio ng'ambo ya ukuta. Kwa Kinyozi! Mtu ambaye hajampa hata punje moja ya karanga. Tayari anawatangazia wateja wake kwamba kindi ni wake.

Nia yangu ni moja. Kabla wiki haijaisha, Binti na wanawe watakuwa wamehamia upande huu.

Jumanne, 5 Machi

Nimejenga nyumba. Sanduku la mbao, paa la kuteremsha maji, ndani springi mbili ndogo, sponji, na juu yake mahameli nyekundu iliyobaki kwenye kiti cha mteja wangu, Mama Mwenyekiti. Iliyobaki ni kusema tu. Mgongo wa kiti chake sasa utakuwa wa rangi mbili. Nitamwambia ndio mtindo.

Nimelipigilia sanduku kwenye nguzo ya karakana, mlango ukitazama mti.

Mke wangu ni mkunga. Amerudi kazini, amelizunguka sanduku, ameuliza springi za nini. Nikamweleza kuwa mzazi hupumzisha mgongo. Akasema miaka yote aliyokaa wodini hajaona mzazi aliyepona kwa kurushwarushwa. Mzazi, kasema, hulishwa na kuachwa apumue. Ana wivu kwa sababu leo utaalamu ni wangu.

Jumatano, 6 Machi

Ameingia! Saa tatu asubuhi, mimi nimejibanza nyuma ya kochi la watu watatu, ameingia kwenye sanduku na kukaa humo dakika nzima. Machozi yalinilenga.

Ametoka mdomo umejaa sponji. Akapanda ukuta, akatokomea upande wa Kinyozi. Akarudi, akajaza tena. Kufikia adhuhuri sandukuni mlikuwa mmebaki springi mbili na mbao tupu.

Kinyozi amechungulia juu ya ukuta kunishukuru kwa mchango wangu. Akaniarifu, bila kuulizwa, kwamba Binti hasa anapenda nywele. Kila jioni yeye humwaga pale chini ya mti nywele alizofagia, naye Binti hushuka kuchagua. Za watoto anazipenda. Za wazee zinamchoma.

Sikuweza kula. Halafu, katikati ya kutokula, nikapata wazo. Nywele! Na Binti alikulia kwenye nywele za nani?

Ijumaa, 8 Machi

Nimekwenda kukaa kwenye kiti cha adui. Nikamwambia anyoe zote. Ndevu za miaka kumi na miwili! Nikaagiza zikusanywe peke yake kwenye mfuko, hata unywele mmoja usipotee. Kinyozi ameniuliza kwa upole kama nyumbani kuna amani.

Nikazipanga sandukuni. Haikupita nusu saa, Binti huyo. Amenusa. Ameganda. Amenusa tena, polepole, kama mtu anayesoma barua. Nami, mjinga mimi, nikashindwa kuvumilia. Nikasimama kutoka nyuma ya kochi nikamwita.

Akanitazama kidevu. Akapiga ule ukelele anaopiga akiona mwewe! Kwangu mimi! Akavuka ukuta mkia umesimama, mdomo umejaa ndevu zangu.

Mke wangu naye ameshtuka mlangoni. Amesema aliponiona mara ya mwisho bila ndevu tulikuwa hatujaoana, na huenda ingefaa tuzungumze zaidi kwanza.

Binti hanijui. Nimeliandika neno hilo na kalamu ni nzito. Nimemnywesha maziwa tone kwa tone, na leo hanijui.

Jumapili, 10 Machi

Kama hanijui, basi angalau niwaone wanawe. Si kuwagusa. Kuwaona tu.

Nimeazima kwa Kinyozi kile kioo anachomwonyeshea mteja kisogo. Nikakifunga kwenye fimbo mbili za pazia zilizounganishwa. Nikasimama upande wangu wa ukuta, juu ya kiti cha Mama Mwenyekiti, nikakinyoosha hadi kwenye tundu.

Watatu! Wekundu, vipara, wamelaliana. Mmoja alipiga miayo. Sijawahi kuona kitu kizuri kama kile katika maisha yangu, na nimeshaona mahameli ya kila rangi.

Hapo Binti akarudi. Akakuta kindi mwingine amesimama mlangoni kwake akimkodolea macho. Akamvamia kwa nguvu zote. Kioo chini, fimbo chini, mimi chini. Mguu mmoja wa kiti cha Mama Mwenyekiti haupo tena.

Kilichofuata sitaki kukiandika. Amewahamisha. Mmoja mmoja, kwa mdomo, juu ya bati la Kinyozi, nyuma ya tangi la maji, hadi kwenye miti ya mbali ambako macho yangu hayafiki. Nimemwona akipita mara tatu. Nikamsubiri hadi jioni, hakupita tena.

Ni mimi niliyemfukuza. Hakuna mwingine wa kumlaumu, na nimejaribu.

Jumatatu, 11 Machi

Kinyozi amekuja na kitu kimefunikwa kwa kile kitambaa anachowafunga wateja shingoni. Nikaanza kujitetea kuhusu kioo. Akasema tuache habari ya kioo, nipishe mezani.

Alikuwa amepanda mtini na kutoa kiota kilichoachwa. Tumekifungua taratibu juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa. Nje nywele za wateja wake. Katikati sponji langu. Na ndani kabisa, palipolaliwa, ndevu zangu. Zimesokotwa duara, pamoja na mvi zake, na zimebonyea mahali patatu.

"Fundi," amesema, "walikuwa wanalala kwako."

Nimechemsha chai. Akakiri kwamba jana alifagia nywele na hakujua azimwage wapi. Si mtu mbaya, ukiacha tabia zake.

Mke wangu amekikuta kiota mezani. Akaweka mkono begani kwangu.

"Ulimlea ili aweze kwenda," amesema. "Ameweza. Mwache sasa."

Nimekubali. Naandika ili iwe ushahidi: nimekubali.

Jumamosi, 20 Aprili

Wamekuja!

Nilikuwa nagongea kitambaa kwenye kiti kipya, misumari midogo imejaa mdomoni kama kawaida ya kazi yetu. Nainua macho, Binti juu ya ukuta. Nyuma yake watoto watatu, mikia imewashinda ukubwa. Wawili wakamfuata chini. Wa tatu akabaki juu anatetemeka.

Sikuita. Ningeitaje na misumari kumi na minne mdomoni? Nikatulia tuli. Binti akapanda benchi, akapanda gotini, akasimama kwa miguu ya nyuma na kuninusa kidevu, ambapo ndevu zimeanza kurudi. Akakaa hapo. Akajilamba mkono mmoja bila haraka yoyote. Kisha akashuka, akawakusanya wanawe, wakaenda zao.

Ng'ambo ya ukuta Kinyozi alikuwa ameshika wembe hewani, mteja wake amenyolewa nusu kichwa, wote wawili wametumbua macho.

Nina furaha. Sina la kuongeza. Mke wangu amesema hongera ziende kwa misumari, na leo hata mimi nimecheka.

Jumapili, 21 Aprili

Nimetafakari na nimejifunza. Mzazi aachwe. Mnyama wa porini aachwe. Nisijenge, nisichungulie, nisiite. Nimeelewa kabisa, na mtu yeyote anaweza kuniuliza.

Lakini yule wa tatu. Alitetemeka sana pale juu. Ule ukuta ni mrefu, na kuna paka wa mwenye duka hupita chini yake. Kwa hiyo nimenunua kamba. Kamba tu! Si nyumba, haina springi hata moja. Inatoka kwenye miti ya mbali, inapita juu ya bati la Kinyozi, inaishia dirishani kwetu, pale mwisho nimeweka zulia dogo la kufutia miguu na kengele, tujue wamefika.

Mke wangu yuko kazini hadi jioni. Kinyozi yuko juu ya bati lake, ameshika ncha ya pili. Naandika haraka kwa sababu anapiga mluzi kuniita.

Nimemwambia kuwa wajukuu lazima waijue njia ya kwa babu. Amesema ya kwa mababu. Tutalijadili kamba ikishakazwa.