Jina la "Ulaya" Lirudishwe kwa Wenyewe

Ndugu Mhariri,

Pokea salamu kutoka Njombe mjini, ninakoandika nikiwa nimevaa masweta mawili na hasira. Naomba nafasi gazetini mwako, maana huu utani umefika pabaya: unaninyima mke.

Mimi ni fundi cherehani, mzaliwa wa Lyamkena, Makambako. Juzijuzi nimehamishia cherehani yangu Njombe. Hilo tu! Lakini Makambako ukihamia huku wanasema "kaenda Ulaya", kwa sababu ya baridi. Basi mshenga wangu Basil, mdomo wake hauna breki, akafika Ludewa ziwani kwa wazazi wa mchumba wangu Hosiana, akatangaza kwa furaha kwamba bwana harusi yuko Ulaya. Mama mkwe akaangua kilio. Binti yake haolewi nchi ambayo mtu akifiwa hawezi kuja kuzika! Nimemweleza kwa simu mpaka sauti imekauka. Ananijibu, "Pole na ugeni, mwanangu."

Kwa hiyo nalalamika:

1. Jina hili halina msimamo. Enzi za baba yangu lilikuwa kejeli: meno yanagongana, nguo hazikauki. Parachichi zilipoanza kulipa, likageuka sifa. Sasa binamu zangu wote wananiagiza viatu vya Ulaya. Navitoa wapi, jamani?

2. Kama Njombe ni Ulaya, Makambako ni nini? Si ndiko tunakopandia magari? Basi stendi ile iitwe uwanja wa ndege, na akina mama wa mahindi ya kuchoma washonewe sare. Nitashona mimi.

3. Hoja ya tatu ilikuwepo. Hasira imeifuta.

4. Serikali isimike kibao barabarani: "Hapa si Ulaya. Mama mkwe, karibu." Ikishindikana, itume balozi Ludewa.

Nampenda Hosiana, Mhariri. Hapo sitanii.

Nisalimie wachapaji wako, pamoja na wote wanaosoma gazeti lako kwa kuchungulia bega la jirani.

Wako kwenye baridi,
Vitus Mligo

Tanbihi: Mhariri, usiichape! Hosiana amepiga simu, mama kakubali. Amekwisha kuelezwa kwamba basi lipo kila siku, lakini Modesta, shangazi yake Hosiana, alishatangaza kanisani kwamba binti anaolewa Ulaya, na sasa kijiji kizima kinamwita mama mkwe "Mama Ulaya", naye anaitika kwa maringo. Ukiandika kwamba Njombe ni Njombe tu, mimi sioi.