Kitanda cha Mama Hakina Haraka

Jumatatu, 4 Machi
Kitanda kipya cha Mama bado ni miguu minne na nia njema. Nilimwahidi kabla sijaota mvi. Anacholalia kimebonyea katikati kama bakuli. Kila asubuhi anatoka amejishika kiuno, ukimuuliza, hajambo. Tatizo langu si ufundi, ni moyo: unawaka, unazimika. Shemeji, mume wa dada yangu, tunachangia karakana. Leo kaniuliza kama miguu ile nangoja iote matawi.

Jumanne, 5 Machi
Nimepata dawa. Mtu hukimbia akiona moto nyuma yake. Mama alipokwenda kliniki nimekivunja kitanda cha zamani, chaga nimempa jirani akapikie. Sasa hakuna kurudi nyuma! Mama karudi, kachungulia chumbani. Akasema, haya mwanangu. Basi. Afadhali angegomba.

Jumatano, 6 Machi
Mama kalala chini. Godoro jembamba, saruji haina huruma. Mimi nimeamka na ari ya ajabu: nimenoa randa, nimepanga patasi kwa ukubwa, nimefagia karakana hadi uvunguni. Shemeji kuuliza kitanda kiko wapi, nikamwambia haraka haraka haina baraka. Akasema baraka anaziona, zimelala sakafuni.

Ijumaa, 8 Machi
Mama ameshindwa kuinuka. Tumemwinua mimi na dada, kila mtu bega lake. Kumbe amekuwa mwepesi hivyo. Ameomba radhi kwa kutusumbua. Nimekimbilia karakana, nikapiga randa mguu mmoja kwa uchungu hadi ukawa mfupi kuliko wenzake. Dada kaja, kautazama mguu, kanitazama mimi. Kisha kaenda kumwita mumewe.

Jumapili, 10 Machi
Shemeji amemaliza kitanda. Miguu mitatu yangu, mmoja wake, na yote iliyobaki yake. Mama kajilaza kujaribu tu, usingizi ukamchukua mchana kweupe, mkono umeanguka pembeni, uso umelegea. Nimemfunika kanga. Dada kaninong'oneza nimshukuru mumewe. Nimemshukuru, kwa sauti ya kadiri.

Lakini tuseme haki: cha zamani alikivunja nani? Bila mimi Mama angekuwa analala kwenye bakuli lile hadi leo. Dawa inafanya kazi, ila watu hawana shukrani.

Jiko la Mama linavuja, na paa jipya nilimwahidi pia. Kesho alfajiri, kabla moyo haujazimika, naezua mabati yote.